Blogu Ile Ilikuwa Inalipa

Nyamisi mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote ya safari. Blanketi, mihogo mikavu, namba ya shangazi yako wa Mwanza, usinunue chakula dirishani. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja ambalo nimejaribu kukuambia kwa mdomo wiki nzima nikashindwa. Jana nilikuita jikoni, ukaja, nikakuuliza kama begi limefungika vizuri. Ukasema limefungika. Basi. Kesho asubuhi utakuwa kwenye basi, kwa hiyo naandika.

Siku ile ndugu walipokusanyika hapa baada ya ibada, uliposema huendi kufundisha kwenye ile shule ya Musoma, bali unakwenda Mwanza kufanya kazi ya tovuti na mwenzako Eliza, mimi ndiye niliyekukatisha. Nilisema mbele ya wajomba na shangazi zako wote, "Blogu hailipi. Mimi nimeifanya kwa mikono yangu, nimeona. Ni upepo mtupu." Watu wakacheka. Mjomba wako mkubwa akacheka mpaka akapaliwa na chai. Wewe hukucheka. Uliniangalia kidogo, kisha ukaanza kukusanya vikombe.

Nilikudanganya, mama. Blogu ile ilikuwa inalipa.

Ulikuwa bado mdogo. Steshenari yetu ilikuwa palepale ilipo sasa, karibu na stendi ya Bunda. Nilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na kamera ya kupigia picha za paspoti. Watu walikuwa wanakuja kutoka vijijini, wengine tangu alfajiri, wanasema, "Bwire, niangalizie matokeo ya mwanangu," au "Niangalizie kama kuna nafasi za kazi huko kwenye mtandao." Naacha kazi zangu nawatafutia. Siku moja nikajiuliza, hivi vitu ninavyotafuta kila siku, mbona nisiviweke mahali pamoja kila mtu avikute? Ndivyo nilivyoanza. Hakukuwa na mtu wa kunifundisha. Nilikuwa nasoma huku nakosea, nafuta, naanza tena.

Mwanzoni niliandika mambo ya kwetu. Barabara ya Kibara ikikatika kwa mvua, naandika. Bei ya pamba ikitangazwa, naandika. Watu wa Bugwema wakilalamika kuhusu mbegu zilizochelewa, nawapigia simu, nawasikiliza, naandika. Hela hakuna. Nilinunua bando la intaneti kwa hela ya fotokopi, na mama yako akawa anaiita ile kompyuta mke mwenzake. "Mke mwenzangu amelala au bado mnaongea?" Hakuwa anatania sana. Kwa muda mrefu sikupata hata senti, na ningeacha kama si ubishi tu.

Kisha kampuni moja ya matangazo ya nje ikanikubali. Ilikuwa inaweka matangazo yake kwenye ukurasa wangu, na mimi nalipwa kidogo kwa kila mtu anayefungua au kubofya. Lakini kabla hawajalipa, walituma barua ya karatasi yenye namba za siri, ipitie posta, uingize zile namba wajue kweli upo. Nilikwenda posta mpaka yule mama wa dirishani akawa ananiona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Barua ilifika nikiwa nimeshakata tamaa. Na malipo ya kwanza yalipoingia benki, kijana wa kaunta akaniuliza, "Hii hela ya nje ni ya nini, mzee?" Nikasema, "Ya maandishi." Akaniangalia, akaangalia kioo cha kompyuta yake, akasema, "Maandishi gani hayo?" Nilitoka pale natembea kama bwana harusi.

Bati za nyumba hii zilitoka kule. Kisima kilichimbwa kwa hela ya kule. Mama yako aliacha kuiita mke mwenza, akawa anawaambia wageni, "Nyamazeni kidogo, baba anaandika." Kwa hiyo ukikutana na mtu Mwanza akakwambia kazi hii haina kitu, ujue ama hajaifanya, ama aliifanya muda mfupi, ama ana sababu zake za kusema hivyo kama nilivyokuwa nazo mimi.

Sababu zangu ni hizi.

Kadiri siku zilivyokwenda nikawa naona kipi kinaleta watu na kipi hakileti. Habari ya barabara ya Kibara ilikuwa inasomwa na watu wa Kibara, na wengi wao hawakuwa na simu ya kusomea. Tangazo la kazi lilisomwa mpaka Songea. Nikaacha barabara. Sikuamua siku moja, iliisha tu yenyewe, kama mtu anavyoacha kwenda kwaya. Nikawa naweka kazi asubuhi, kazi mchana, kazi jioni. Na kwenye matangazo ya kazi anayewahi ndiye anayepata wasomaji. Ukisema upige simu kwanza uulize kama ni kweli, mwenzako ameshaweka, na watu wote wako kwake. Nikaacha kupiga simu. Nilikuwa nachukua kwa wengine, nabadilisha maneno mawili matatu, nabandika. Wao nao walikuwa wanachukua kwangu. Hakuna aliyejua tangazo limeanzia wapi.

Ndipo likaja lile tangazo. Kampuni ya kusindika samaki inafunguliwa Mwanza, inataka watu wengi: madereva, walinzi, wapishi, mabaharia wa ziwani. Elimu si lazima. Uzoefu wa kuvua ni sifa ya ziada. Mwombaji atume ada ya kupima afya na mafunzo kwa namba ya simu hii. Nililikuta kwenye blogu ya mtu, nikalibandika kabla ya chai. Mpaka mchana lilikuwa limesomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu walilirusha kwenye magrupu, likawa linarudi kwangu kutoka kwa watu nisiowajua.

Siku iliyofuata nikapigiwa simu na mama mmoja wa Murangi. Alipata namba yangu chini ya ukurasa.

"Baba, shikamoo," akasema, ingawa kwa sauti yake alikuwa mkubwa kwangu. "Mwanangu anataka kuuza mbuzi atume ada ya hiyo kazi ya samaki. Nimemwambia angoje nikuulize. Ni ya kweli?"

Nikamwambia, "Marahaba, mama. Mimi nimetangaza tu. Wapigie wenyewe, namba yao ipo."

"Hao siwajui. Nimekupigia wewe kwa sababu wewe ni wa hapa."

Nikamwambia tena awapigie wenyewe. Akasema, "Basi mbuzi wakae kwanza," akakata.

Baada ya simu ile nililifungua lile tangazo, nikalisoma polepole, kwa mara ya kwanza. Halikuwa na sanduku la posta. Halikuwa na mtaa. Namba ya kutumia hela ilikuwa ya mtu binafsi. Mimi nilikuwa nimeshachapa barua za maombi za nusu ya wilaya hii, Nyamisi. Nilijua tangazo la kweli linafananaje. Nilijua pale pale, bila kuuliza mtu, kwamba ni matapeli.

Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kufuta. Lakini pembeni ya kioo cha kompyuta kulikuwa na ule mstari unaoonyesha idadi ya wasomaji, na ulikuwa unapanda tu. Nikajiambia kwamba hata nikilifuta, liko kwenye blogu nyingine kila mahali, kwa hiyo kufuta kwangu hakutamwokoa mtu. Nikajiambia mwenye akili ataona mwenyewe, kama yule mama wa Murangi. Kisha nikajiambia, liache mpaka mwisho wa mwezi. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Liache mpaka mwisho wa mwezi.

Baba yako mdogo Manyama alikuwa bado Kibara wakati huo. Najua unamkumbuka, alikuwa anakubeba mabegani tukishuka mwaloni, pale inapotua mitumbwi, na hakuwahi kuja hapa bila samaki wakavu aina ya furu kwenye mfuko. Alikuwa na mtumbwi wake na injini yake, kitu alichokipata kwa kuvulia watu wengine miaka mingi, analala majini wakati mimi nasoma kwa hela ya mama yetu. Tangazo lile alilionea kwenye simu ya mvuvi mwenzake. Hakunipigia kuniuliza. Angeniulizia nini? Lilikuwa kwenye ukurasa wangu. Aliwaonyesha na wenzake juu pale penye jina, akawaambia, "Hii ni ya kaka yangu, wa Bunda." Akauza injini. Akatuma ada yake, wenzake nao wakatuma, wengine walikopa. Akafunga begi akaenda Mwanza.

Alinipigia akiwa huko, nyuma yake nasikia pikipiki na watu.

"Kaka, hii ofisi iko upande gani? Nimezunguka tangu asubuhi. Kila ninayemuuliza haijui, na ile namba yao haipatikani."

Akaniita tena, "Kaka?"

Nikasema, "Manyama, inaonekana tumetapeliwa."

Angalia hilo neno, mwanangu. Sikusema umetapeliwa. Nilisema tumetapeliwa. Nilijiweka upande wake, tukawa wawili tuliolizwa. Na yeye, amesimama kwenye jua la mji asioujua, hana injini, hana kazi, akaanza kunituliza mimi. "Usijali, kaka," akasema. "Na wewe hukujua. Watu wabaya ni wengi."

Jioni hiyo ndipo nikalifuta. Malipo ya mwezi ule yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Wewe ulikuwa unaingia kidato cha kwanza. Sikuambii hili ili likulemee, ulikuwa mtoto na shule ilikuwa haki yako. Nakuambia kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimekupunguzia ukweli tena, na nimeshakupunguzia vya kutosha.

Baada ya hapo sikuweza kuifungua blogu vizuri. Naketi kuandika, naona namba ya yule mtu. Wasomaji wakapungua, matangazo yakapungua. Baadaye serikali ilipotaka wenye blogu wakate leseni, nikapata mahali pa kujifichia. Nikawaambia watu leseni imenishinda. Walinihurumia. Kuna mwalimu mmoja hapa mjini mpaka leo akinikuta anasema, "Ile blogu yako ilikuwa inatusaidiaga sana." Namshukuru, naangalia chini.

Manyama alihama Kibara. Akaenda kulima Butiama, upande wa wakwe zake. Nilidhani ni aibu ya kufilisika. Krismasi ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, ukaniuliza, "Baba mdogo mbona haji?" Nikakujibu ana kazi nyingi shambani. Ulilikubali jibu langu, na mimi nikaliamini kidogo, kwa sababu lilikuwa linanifaa.

Sasa sikia kilichonifanya niseme. Mwaka huu nilianza kusoma tovuti yako ya dagaa. Hukunionyesha, na sikuambii nani alinipa jina lake. Nilikuwa nasoma dukani wateja wakipungua. Nisiwe muongo kwako, nilikuwa natafuta makosa. Nikakuta ile habari yako ya akina mama wa mwalo wa Murangi, wanaoanika dagaa mchangani, mchuuzi anakuja anawatajia bei ya kwake na wao hawajui Musoma mjini zinauzwaje. Ukaweka bei ya Musoma. Ukaweka ya Bunda. Kisha ukaandika, "Bei ya Kibara sikuipata kwa mtu wa kuaminika, kwa hiyo siiandiki." Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mteja aliingia akataka bahasha, nikampa karatasi.

Ulijifunzia wapi, Nyamisi? Kwangu hapana. Mimi nisingeacha pengo. Ningeweka bei yoyote.

Juzi Alhamisi nilipokuambieni nakwenda Musoma kuchukua wino wa mashine, sikwenda Musoma. Nilikwenda Butiama. Manyama anaishi nje kidogo ya mji, nyumba ya tofali za kuchoma, migomba nyuma. Nilimkuta anapalilia mahindi. Alifurahi. Aliacha jembe pale pale kwenye tuta, akaniita "kaka" kama zamani, akamwambia mke wake asonge ugali. Amezeeka, mikono imekuwa ya mkulima. Aliniuliza habari zako kabla sijakaa. Tukala. Nikangoja tunawe, nikamwambia. Nilimwambia yote, mama wa Murangi, mstari wa wasomaji, mwisho wa mwezi.

Mke wake alikuwa anakusanya vyombo, akasimama navyo mkononi.

"Ulijua lini?" Manyama akaniuliza.

"Kabla hujatuma."

"Kabla sijauza injini?"

"Kabla."

Akawa anaangalia kule shambani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na nadhani nilikuwa navitaka. Akaongea polepole.

"Wale wenzangu wa Kibara walikuwa wanasemaga unajua. Walisema, Bwire ni msomi, anachapaga barua za watu, haiwezi ikawa amedanganywa kitoto namna ile. Mimi nikawaambia hapana. Nikawaambia kaka yangu hawezi. Tukagombana. Magesa nilimpiga mpaka akatoka damu, na Magesa tulikuwa tunavuaga naye tangu hatujaota ndevu. Ndiyo maana niliondoka kule. Injini ningenunua nyingine, kaka. Nisingeweza kukaa na watu wanaokuita mwizi."

Nilisema, "Nisamehe, mdogo wangu." Akauliza basi la mwisho linapita saa ngapi, mke wake akamjibu. Akasema, "Basi kaka asichelewe." Akachukua jembe, akarudi kwenye tuta lake.

Unajua kwetu mgeni anavyosindikizwa. Manyama alikuwa ananisindikizaga mpaka gari liondoke, na likiondoka anabaki amesimama barabarani. Safari hii mke wake ndiye aliyenitoa, mpaka kwenye kona ya kwanza. Nilipogeuka, nilimwona Manyama amenipa mgongo, anapalilia.

Kwa hiyo ukitaka jibu la lile neno nililokukatisha nalo mbele ya ndugu, ni hili. Inalipa, lakini polepole kuliko Eliza anavyofikiri, na miezi ya kwanza mtakula kwa kazi nyingine. Hilo mlilopanga la kuwatengenezea wenye maduka na nyumba za wageni tovuti zao, lishikeni, ndilo litakalolipa kodi ya chumba wakati dagaa bado wanatafuta wasomaji. Na itafika siku, sijui lini, utakuwa na kitu kinachopanda na mtu kwenye simu anayekuuliza, ni kweli? Sina la kukufundisha kuhusu siku hiyo. Mimi niliifeli. Nimekuambia tu ilivyokuwa, uijue sura yake ikija.

Mama yako nilimweleza jana. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa mkali kwa mtoto." Ndugu bado sijawaambia. Nilipaswa kuwaambia wewe ukiwepo, uwaone wakinicheka mimi. Nimechelewa kwa hilo pia. Nitawaambia, lakini hutakuwepo, na najua si sawa.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi. Kesho nitakubebea mzigo mpaka stendi na nitakuwa naongea habari za viti na madirisha. Niache niongee hivyo. Soma ukishafika. Kama utataka kunipigia, nipige hata usiku. Kama utataka kukaa kimya kwanza, kaa, sitamtuma mama yako akubembeleze.

Mimi nitakuwa nafungua tovuti yako kila asubuhi kabla sijafungua duka. Nikikuta umeandika kitu kipya, nitajua umeamka salama.

Baba yako,
Bwire